Mwongozo wa Kugombana na Printa ya Lebo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule aliyekabidhiwa printa ya lebo kwa sababu ndiye "anayejua kompyuta". Huenda ni keshia wa duka la dawa, huenda ni binti wa mwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, huenda ni karani wa maabara anayebandika stika kwenye vichupa vya damu. Utaalamu wake ni kwamba aliwahi kumrekebishia bosi saa ya simu. Tangu hapo kila kitu chenye waya kimekuwa chake.

Kwa asiyeijua, printa ya lebo ni kile kiboksi kinachokaa kando ya kompyuta, chenye roli ya stika tumboni na kitufe kimoja au viwili usoni. Haitumii wino wa maji. Kichwa chake hupata joto, na joto hilo ama huiunguza stika yenyewe ikawa nyeusi, ama huyeyusha rangi ya riboni ikashika kwenye stika. Kazi zake ni chache: jina la bidhaa, bei, tarehe ya mwisho wa matumizi, bakodi. Kwa kuwa kazi zake ni chache, hakuna anayeikumbuka mpaka igome. Na hugoma katoni zikiwa zimeshafungwa, gari likiwa nje linaunguruma, na dereva akiwa ameshauliza mara ya pili, "Bado tu?"

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukizitimiza zote, siku itaisha bila shaka.

Hatua ya kwanza: Tafuta wa kulaumiwa

Kabla ya kugusa chochote, simama katikati ya chumba uulize kwa sauti.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi sijaigusa, dada. Mimi nimefagia tu."

"Umefagia wapi?"

"Hapo chini ya meza."

Mtu mwenye haraka ya kumaliza kazi angeinama. Angekuta plagi ya USB imechomoka nusu nyuma ya printa, imebaki ikining'inia kwa heshima tu, au adapta ya umeme imelegea pale waya unapoingia kwenye kile kiboksi chake cheusi. Angeisukuma kwa kidole gumba, taa ingewaka, na gari lingeondoka. Wewe usiiname. Mwambie kijana asifagie hapo tena, kisha rudi kwenye skrini. Ya kompyuta humalizwa kwenye kompyuta.

Na kama adapta yenyewe imepotea, azima chaja ya laptopu iliyo karibu. Printa nyingi za mezani zinataka volti 20 au 24, na chaja nyingi za laptopu hutoa 19, lakini tundu likikubali nani ajali? Taa itawaka vizuri kabisa. Hapo ndipo utakapokuwa na hakika kwamba tatizo si umeme.

Hatua ya pili: Bonyeza tena

Umetoa amri ya kuchapa stika 200 na hakuna kilichotoka. Toa amri hiyo tena. Ikikaa kimya, toa tena, safari hii ukibonyeza kwa nguvu kidogo ili kompyuta ijue hutanii.

Kompyuta haitanii pia. Kila amri inakwenda kupanga foleni nyuma ya mwenzake, na foleni haisahau. Ukibonyeza mara saba, stika 1,400 zinasubiri mlango ufunguliwe. Siku mtu atakapousukuma ule waya, zitatoka zote kwa mkupuo mmoja, zikiwa na tarehe ya siku uliyobonyeza, mpaka roli iishe. Baadhi yake zitatoka wakati wewe umekwenda kula.

Ukitaka kuzifuta, foleni itaandika kwamba kazi "inafutwa", na itabaki ikifutwa hivyo hivyo mpaka jioni. Dawa yake ipo: isimamishe huduma ya Windows inayoitwa spula, safisha folda ya PRINTERS iliyomo ndani ya System32\spool, kisha iwashe huduma hiyo upya. Ni kazi ya dakika mbili. Ndiyo maana mwongozo huu haukushauri kuifanya.

Hatua ya tatu: Amini kila linaloandikwa kwenye skrini

Skrini itakwambia moja kati ya maneno mawili, na yote mawili uyameze bila kutafuna.

La kwanza ni kwamba printa iko nje ya mtandao. Printa yenyewe iko mbele yako, umeiwekea kikombe cha chai juu yake, na maisha yake yote haijawahi kuwa kwenye mtandao wowote, kwa sababu imeungwa kwa waya. Usihoji. Mpigie simu kampuni inayokuuzia intaneti uwagombeze.

La pili ni hatari zaidi: kwamba kazi imekamilika. Hapa watu wengi hupoteza imani na dunia. Kompyuta imesema imechapa, stika haipo. Lakini kompyuta haikusema uongo. Ilichosema ni kwamba data imeshatoka mikononi mwake na kuingia kwenye poti. Baada ya hapo, kwa mipangilio mingi, haifuatilii. Iliifikia printa? Printa iliielewa? Printa ilikuwa na karatasi? Kompyuta haijui, na mara nyingi haijaulizwa. Mazungumzo kati ya vyombo hivi viwili kwa kiasi kikubwa ni ya upande mmoja: mmoja anasema, mwingine anatakiwa atende, na hakuna anayerudisha neno.

Likumbuke hilo, maana hatua zote zinazofuata zinategemea wewe kulisahau.

Hatua ya nne: Hamisha waya

Chomoa USB kwenye tundu la kushoto, chomeka kulia. Utasikia kile kimlio cha kutia moyo. Sasa toa amri ya kuchapa. Kimya.

Kilichotokea ni hiki. Printa nyingi za bei nafuu hazijitambulishi kwa namba yao wenyewe, kwa hiyo Windows ikiiona kwenye tundu jipya hudhani ni mgeni. Humwandikisha upya, humpa poti ya USB002, na humwita kwa jina lile lile akiongezewa "Nakala 1". Programu yako ya stika, ambayo ni mwaminifu, inaendelea kupeleka kazi kwa yule wa zamani wa USB001, ambaye hayupo tena. Hamisha waya mara kadhaa zaidi na utakuwa na printa nne kwenye orodha, zote jina moja, na moja tu iliyo hai. Chagua kwa kubahatisha.

Waya ukionekana mfupi, unganisha na mwingine, kisha mwingine, mpaka ufike kaunta ya pili. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 haifai kuzidi meta 5, lakini hilo limeandikwa kwenye vitabu, na nyinyi hamna kitabu hapo dukani.

Hatua ya tano: Pakua draiva, ikiwezekana tano

Draiva ni ile programu inayoiwezesha kompyuta kusema na printa. Ingia mtandaoni uandike neno "draiva" na jina lolote lililoandikwa usoni mwa printa. Pakua ya kwanza utakayoiona. Ikikataa, usiondoe, pakua ya pili juu yake. Usigeuze printa kusoma kile kibandiko cha chini chenye jina kamili la modeli na idadi ya nukta kwa inchi. Ukikisoma unaweza kujikuta na draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na mchezo ukaishia hapo.

Hatua ya sita: Ukiona maandishi ya ajabu, sema ni virusi

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Kompyuta huipelekea printa ya lebo maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu, na watengenezaji hawajakubaliana lugha moja. Zebra wana ZPL, na pia wana EPL iliyowafikia walipoungana na Eltron mwaka 1998. TSC wana TSPL. Printa za risiti kwa wingi zinasikia ESC/POS, lugha iliyotoka kwa Epson. Katika ZPL, stika hufunguliwa kwa ^XA na kufungwa kwa ^XZ. Katika TSPL unaanza kwa kutaja ukubwa, SIZE 50 mm,30 mm, halafu nafasi iliyopo kati ya stika na stika, GAP 3 mm,0 mm. Ni lugha zenye sarufi kali na msamiati mdogo.

Ukiweka draiva ya lugha moja kwenye printa inayosikia nyingine, unampigia mbuzi gitaa. Mbuzi huyu ana majibu mawili. Ama atanyamaza, amewasha taa yake ya kijani na kutulia kana kwamba hakusemeshwa. Ama atayaandika maagizo yenyewe kama alivyoyasikia, na kwenye stika iliyotakiwa kusema "Asali Mbichi, gramu 500" utasoma mistari ya ^FO na ^FD ikifuatana hadi nje ya ukingo.

Ukiona hivyo, piga kelele. Sema kompyuta imeingiliwa. Chomoa kila kitu, tafuta mtu mwenye antivairasi, kataza watu kuingiza flashi. Usiruhusu mtu yeyote akwambie ukweli, ambao ni kwamba hiyo ni habari njema kuliko zote ulizopata siku hiyo. Maandishi yale yanathibitisha kwamba umeme upo, waya ni mzima, poti ni sahihi, data imefika, na kichwa cha printa kinafanya kazi. Kilichobaki ni lugha peke yake: badilisha draiva, au nenda kwenye mipangilio ya printa uichagulie lugha ile draiva inayosema. Printa kadhaa zinajua lugha zaidi ya moja na zinasubiri tu kuambiwa.

Kimya ndicho cha kuogopwa. Maandishi ya ajabu yameshakwambia mahali pa kutafuta.

Hatua ya saba: Iweke kwenye waifai, kisha usimwambie mtu

Printa ya waya ina njia moja ya kukosea. Ya waifai inazo nyingi, kwa hiyo ni bora zaidi.

Iache ipewe anwani na ruta kila inapowaka. Leo itakuwa 192.168.1.23. Usiku umeme utakatika, asubuhi ruta itaanza kugawa upya, na ile 23 huenda ikaangukia simu ya mlinzi. Kompyuta itaendelea kutuma stika za dawa ya kikohozi kwenye anwani ile ile, kwa poti ya 9100 kama kawaida yake, na mlinzi hatalalamika kwa kuwa simu yake haina habari. Anayetaka kuepuka hili huiandikia printa anwani ya kudumu kwenye ruta. Shughuli hiyo hufanywa mara moja tu, ndiyo maana haina msisimko.

Ikiwa printa itajitangaza kwa anwani inayoanza na 169.254, iandike mahali uifurahie, kisha uipe kompyuta. Maana yake ni kwamba printa ilitafuta mtu wa kuipa anwani, haikumpata, ikajipachika yenyewe. Iko peke yake duniani.

Kompyuta iweke kwenye waifai ya ofisi, printa iweke kwenye waifai ya wageni. Majina yanafanana, na waifai za wageni mara nyingi zimefungwa kwa makusudi ili vifaa visionane. Ukibadilisha ruta, chagua masafa ya 5 GHz peke yake. Printa nyingi zinasikia 2.4 GHz tu na zitakaa kimya kwa nidhamu.

Kwa wanaotumia bluutuuthi, kumbuka kwamba printa nyingi hushikwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa simu ya keshia aliyeko stoo bado imeishikilia tangu asubuhi, laptopu yako itaambiwa haipo. Usimuulize keshia. Futa, tafuta upya, andika 0000, halafu 1234, halafu 0000.

Hatua ya nane: Stika zikitoka tupu, sema kompyuta haijatuma kitu

Roli inazunguka, stika zinatoka, nyeupe kama zilivyoingia. Kwa mantiki ya mwongozo huu, kosa ni la kompyuta. Rudi hatua ya tano.

Yupo mtu, kwa kawaida mama mzee wa kiwandani anayefunga katoni, ambaye atachukua stika moja na kuikwaruza kwa ukucha, haraka haraka. Pakitokea mstari mweusi, huo ndio upande unaosikia joto. Pasipotokea, atajaribu upande wa pili, au ataigeuza roli nzima, au atasema kwa upole kwamba stika hizi ni za riboni na riboni haimo. Mshukuru na umwombe arudi kwenye katoni zake.

Jirani wa tatizo hili ni ukubwa. Stika yako ni milimita 50 kwa 30, lakini kompyuta bado inaamini dunia yote ni karatasi ya A4. Itatoa stika moja yenye kona ya juu ya neno, kisha tisa tupu, ikimalizia ukurasa ambao haupo. Unaweza kuiambia vipimo halisi ndani ya mipangilio ya draiva, kisha ukaishikilia printa kitufe chake mpaka ijipime na kuijua ile nafasi kati ya stika na stika. Au unaweza kuchagua "tosheleza ukurasa", jambo ambalo ni la kiungwana zaidi kwa sababu madhara yake yataonekana kwa mteja na hayataonekana kwako.

Printa ya nukta 203 kwa inchi ina nukta 8 kwa kila milimita; stika ile ni nukta 400 kwa 240, basi. Kistari chembamba cha bakodi kinaweza kuwa nukta 2, kinaweza kuwa 3, lakini hakuna nukta mbili na robo. Ukiibana bakodi ya EAN-13 ili itoshe, unene wa vistari unakadiriwa ovyo, vingine vinanenepa, vingine vinakonda. Kwa macho iko sawa kabisa, ikianza na 620 ya Tanzania au 616 ya Kenya kama inavyotakiwa. Ikifika supamaketi, mashine haiisomi, na katoni zako zinarudi kwa gari lile lile.

Hatua ya tisa: Laumu masasisho

Hatua hii ina kasoro moja: mara chache huwa kweli. Machi 2021, masasisho ya Windows 10 yalizifanya baadhi ya kompyuta zianguke kwenye skrini ya buluu mara tu zilipoambiwa zichape. Mwisho wa Januari 2025, sasisho la majaribio lilizifanya baadhi ya printa za USB zitoe zenyewe karatasi zenye maneno yanayoanza na "POST /ipp/print", kwa kuwa kompyuta ilizipelekea ujumbe wa kimtandao nazo zikauandika kama zilivyousikia. Microsoft walikiri mara zote mbili na wakatoa tiba.

Kwa hiyo litumie lawama hili kwa uangalifu. Swali la kujiuliza ni kama jana printa ilifanya kazi na usiku kompyuta ikajisasisha. Lakini ukishaanza kuuliza maswali ya namna hiyo umeshaacha kufuata mwongozo.

Hatua ya kumi: Mwite fundi

Fundi atafika na mkoba mdogo, na hapo mgeni njoo, mwenyeji apone: huenda printa ikachapa kabla hajakaa. Isipochapa, mtazame anavyofanya, kisha usimuige.

Hataigusa kompyuta. Atachomoa ule waya wa USB kabisa, atazima printa, ataiwasha huku amekishikilia kitufe chake. Printa, ikiwa peke yake bila kompyuta yoyote ya kuisumbua, itatoa stika ndefu inayojieleza: modeli yake, lugha inayosikia, ukubwa wa stika iliyopimwa, anwani yake ya mtandao. Stika hiyo ikitoka safi, printa haina kosa, na fundi ameshagawa tatizo katikati. Ndipo atakaporudisha waya. Atatazama poti. Atatuma stika moja, moja tu. Atabadilisha jambo moja, atangoja aone, kisha ndipo ataligusa la pili. Ukimwangalia utadhani mvivu.

Siri yake ni ile ya hatua ya tatu, ambayo yeye hakuisahau: hawa wawili hawajibizani, kwa hiyo anamhoji kila mmoja peke yake, na anaanza na yule asiyekuwa na skrini.

Akimaliza, ataichukua ile stika ndefu na kutaka kuibandika ubavuni mwa printa, ili atakayekuja baadaye asome modeli, lugha na anwani bila kuita mtu. Mzuie kwa adabu. Mwambie inachafua sura ya mashine, itupe kwenye ndoo, na usiandike popote alichofanya. Printa itagoma tena, na fundi naye ana watoto wanaosoma.